Msitu Ulioshuka Harusini

Baba yangu, Zaprian, alivuta kamba miaka thelathini na moja
nyuma ya jukwaa la opera, mjini Ruse,
na hakuna aliyewahi kumpigia makofi.
Jukwaa lilikuwa moja. Mbao zilezile, misumari ileile,
ila taa zikizimwa kwa pumzi tano
jiko la maskini likawa kasri,
kasri likawa stesheni yenye theluji ya karatasi,
na watu vitini hawakuinuka,
hawakutoka nje kupanga foleni upya
ati kwa kuwa tendo la pili linaanza.

Nilimweleza kazi yangu akimenya pilipili hoho za kuchoma,
vidole vyeusi kwa masizi.
Zamani, Baba, kila ulipobofya
ukurasa mzima ulibomolewa, kuta na paa,
ukakaa unatazama weupe
mpaka seva ikujengee nyumba nyingine
yenye mlango uleule.
Sasa ukurasa ni mmoja, hufunguliwa mara moja tu.
Kichwa hakiondoki, menyu haiondoki;
natuma mjumbe kimyakimya akalete kilichobadilika,
orodha, picha, bei ya viti,
nafuta cha katikati, napachika kipya,
nabadilisha hata anwani pale juu
ili anayerudi nyuma arudi alikotoka,
si barabarani.

Akasema: "Kumbe nawe unavuta kamba."

Oktoba, opera yenyewe ikanipa kazi ya tikiti.
Mambo yakawa mswano, wiki mbili.
Kisha akapiga simu Bi Tsvetana, mwalimu mstaafu.
Alibofya Jumamosi. Akaghairi, akabofya Jumapili,
onyesho la vikaragosi, la watoto.
Akaliona. Akafuta miwani. Akalipa.
Jumamosi jioni mjukuu wake wa miaka sita
akamtazama mtu akichomwa kisu, taratibu, kwa nyimbo tatu,
akanong'ona: "Bibi, sungura anatoka saa ngapi?"

Usiku mitatu nikamsaka mdudu huyo.
Kwangu hakujitokeza: mtandao wa ofisini una mbio,
wajumbe hurudi kwa zamu, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.
Usiku wa nne nikaubana mtandao makusudi,
ukawa wa kijiji chenye mnara mmoja,
na hapo nikamwona:
mjumbe wa Jumamosi, niliyemtuma kwanza,
anafika wa mwisho, hana habari kwamba tumeghairi,
anaingia bila hodi, anakung'uta kitambaa cha meza,
anapanga sahani zake juu ya chakula cha mwenzake.

Baba hakucheka. Akanawa mikono.
"Mwaka wa themanini na saba," akasema, "msitu ulishuka harusini."
Gencho, msaidizi wake, alisinzia;
kengele ya tendo la kwanza ikamfikia masikioni
wakati tendo la tatu limekwisha anza,
akaachia kamba.
Misonobari kumi na miwili, turubai na rangi,
ikashuka polepole kati ya bwana na bibi harusi.
Binti aliendelea kuimba, akisogeza matawi kwa kiwiko.
Gazeti likasifu ubunifu.

Kesho yake Baba akafunga kibati chenye namba kwenye kila kamba.
"Ukisikia kengele usikurupuke.
Uliza ni ya ngapi."

Basi nikampa kila mjumbe namba.
Akirudi, naitazama; kama si ya mwisho niliyoitoa,
mzigo wake naudondosha gizani
na mtazamaji hajui kuna aliyepita.
Mistari minne ya msimbo.
Usiku minne, mistari minne, na msitu mmoja.

Baba alikuja kuujaribu kwa kompyuta yangu,
akibofya mbele, nyuma, mbele, kwa kidole kimoja,
kama anayekagua kapi kama imetiwa grisi.
"Na hiki kiduara kinachozunguka?"
Ni cha kuwaambia watu wasubiri, nikasema.
"Sisi tulizima taa tu."

Nimekiondoa.
Kwa pumzi fupi hapaonekani kitu.